Siku Uliyonipandisha Kilimani Mama Akiwa Keshazikwa

Kaka Swaleh,

Miezi mitatu sasa tangu tukuzike, na watu bado wananiambia ulikuwa mtu wa huruma. Naitikia kwa kichwa. Hawajui kwamba uliwahi kunichekesha kutwa nzima huku mama yetu akiwa keshazikwa Mombasa.

Ningekuwa na akili ningeshuku mapema. Wewe uliyekuwa ukiwasha gari kwenda kwenye kisanduku cha barua, Jumapili ile asubuhi ulinigongea mlango hapa Irving, Texas, ukitaka twende tukatembee msituni! Nilikuwa nimeshika kadi ya simu, nataka kumpigia mama kama kila Jumapili. Ukaninyang'anya.

"Mama yuko harusini leo, hutampata. We vaa raba, twende zetu."

Harusini! Hukuona haya, kaka?

Tukashika njia ya Houston, mwendo wa saa mbili na ushei, mpaka kwenye kile kilima chenye monasteri ya Kibudha ambayo yule Mvietnam wa kazini kwako alikuwa akikusifia. Kibao cha chini kilisema ni ya zamani. Nyumba ya mbao ya miaka ishirini na kitu! Nikakwambia choo cha bibi kule Mji wa Kale kinaishinda umri. Gari likabaki chini, tukapanda kwa miguu katikati ya misonobari, wewe na kitambi chako mkihema, kila hatua kumi unasimama ukijidai kutazama ndege. Siku hizi nadhani ulikuwa unapangusa macho, lakini sitaki kukuhurumia.

Juu, mtawa mmoja mzee alitupa chai isiyo na sukari, tukakaa barazani kimya. Palikuwa pazuri, sikatai. Nilipomaliza kikombe nikakunong'oneza, "Mama akisikia nimekunywa chai kwa masanamu, atanichapa kwa simu." Ukacheka. Kicheko chako kilekile cha tumboni, mpaka mtawa naye akatabasamu. La kucheka ndilo sijakusamehe. Ungeweza kunyamaza.

Tuliporudi, ngazi za apatimenti yangu zilijaa viatu. Wanawake wamejifunga leso, ubani umeshawashwa, na wote walikuwa wanajua tangu alfajiri. Ukanishika bega. "Nilitaka watu wawepo kwanza. Hapa huna mtu, ungeanguka peke yako." Nikakupiga kofi mbele yao. Ulikuwa umeniibia siku ya kwanza ya msiba wangu ukanipa matembezi. Miaka yote iliyofuata nilikurushia neno hilo kila Idi, na hukujitetea hata mara moja, jambo lililozidi kuniudhi.

Basi ulipokata roho pale hospitali, nikaapa sitafanya unafiki wako. Palepale koridoni nikampigia binti yako Rehema, kule Houston. "Babako amefariki," nikasema, bila hata salamu. Nikasikia honi, kisha breki, kisha simu ikakatika.

Alikuwa katikati ya barabara kuu. Alisogeza gari pembeni akakaa humo saa nzima, malori yakimpita, hana hata wa kumpa maji. Mimi wakati huo najisifu moyoni kwamba katika ukoo huu angalau mmoja anasema kweli.

Matangani nilimfuata jikoni. Hakuniangalia. "Aunty, I was driving. Hukuniuliza hata niko wapi."

Nikamwambia alikuwa na haki ya kujua. Nikamweleza na habari ya ile Jumapili, yote, makusudi, ili ajue baba yake alikuwa mwongo wa namna gani. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akiosha vikombe.

"Daddy angekuja mwenyewe," akasema. "Ange-drive all the way."

Ungekuja, najua. Ungemdanganya mchana kutwa, na angekuchukia kama nilivyokuchukia mimi, lakini asingekuwa peke yake. Mimi nilisema kweli, na hapokei simu yangu.

Lala, kaka. Bado sijakusamehe, na sioni kwa nini yeye anisamehe mimi.

Nduguyo mdogo