Nyota Tatu Jaladani

Leipzig, 3 Februari 1847

Baba mpendwa,
Shikamoo. Mimi sijambo, ila vidole vimeganda kwa baridi. Kikohozi chako kinaendeleaje?

Baba, mchapishaji amezikubali nyimbo zangu sita za sauti na piano! Nilikuahidi sitaweka jina langu bila idhini yako. Sasa naiomba, tena nimepiga magoti.
Binti yako,
Ottilie

Celle, 12 Februari 1847

Mwanangu,
Marahaba. Kikohozi kimepona, sasa ni zamu ya goti.

Jina, hapana. Jina letu la Wehrkamp halitaning'inizwa dirishani mwa duka kama soseji. Mwanamke wa heshima huimbiwa nyimbo zake sebuleni kwake, basi. Usininunie. Na uvae soksi za sufu.
Baba yako

Celle, 20 Mei 1847

Ottilie,
Hujambo? Miezi mitatu kimya! Kumbe umeninunia kweli.

Haya, nikuchekeshe. Mfamasia ameleta kitabu kipya cha nyimbo. Mahali pa jina pana nyota tatu tu. Yeye anaapa mtunzi ni bwana mkubwa wa Vienna aliyekataliwa na mke wa mtu. Mimi ndiye ninayeimba ule wa tatu, wa siku ya kufua. Mkono wa kushoto wa piano una noti mbili tu, juu, chini, zinalialia mpaka mwisho. Kila nikifika hapo narudia tena na tena, wala sijui kwa nini. Ungetunga kama bwana huyu, jina ningeliandika mimi mwenyewe!
Baba yako

Leipzig, 27 Mei 1847

Baba,
Shikamoo. Sijakununia, nilikuwa naogopa.

Nenda uani ukateke maji, taratibu, kama marehemu Mama alivyokuwa akiteka siku za kufua. Sikiliza mpini wa pampu unavyolia. Kisha unijibu.
Binti yako,
Ottilie

Celle, 2 Juni 1847

Ottilie wangu,
Nimeteka ndoo kumi na moja. Majirani wanadhani nimerukwa na akili. Juu, chini. Nimelia pale pale, viatu vimelowa chapachapa.

Barua ya kwenda kwa mchapishaji nimeiandika mimi mwenyewe: Ottilie Wehrkamp, kwa herufi kubwa, zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Mfamasia nimeshamwambia. Sasa anaapa alijua tangu mwanzo.

Leo asubuhi fundi alikuja kuitia pampu mafuta. Nimemfukuza.
Baba yako