Mji Ambao Mama Aliukataa

Baraka, mume wangu mdogo,

Huku Morogoro tu wazima, ila mbuzi wa babu yako amekula tena mchicha wangu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini wenzako darasani hapo Malvern, Toronto, wananyoosha mikono upesi, wewe bado unawaza. Sababu naijua: ni mama yangu.

Alikuwa akitutegea vitendawili tukipukuchua mahindi. Kwa majirani, mtoto akishindwa alitoa mji, akaambiwa jibu. Siku moja nami nikakimbilia kusema, "Nakupa Dodoma!"

Mama akacheka. "Baki na Dodoma yako. Na kitendawili ubaki nacho."

Nilikwenda nacho kisimani, nikarudi nacho. Kesho yake jibu likanijia nikiosha vyombo, nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Utamu ule sijausahau. Ndivyo nilivyomlea mama yako, naye akakulea wewe. Mwalimu asubiri kidogo, jibu liko njiani.

Haya, kitendawili! Mgeni wenu mweupe huingia kimya. Akiondoka, huacha maji mlangoni.

Jibu hata kwa Kiingereza, mama yako atanifasiria. Ila usinipe Toronto. Siitaki.

Bibi yako