Nimemgombeza mama yake Tsewang

Lhakyi, pokea simu! Nimekwisha!

Nilikuwa nawaongoza watalii kuuzunguka mnara wa sala, kwa upande wa kulia kama kwetu Wabudha. Bibi mmoja akaja anazunguka kinyume. Nikamfokea mbele ya wageni: "Mama, geuka! Unatuletea nuksi!"

NUKSI, Lhakyi! Nimesema nuksi!

Akanijibu: "Mwanangu, hapa ni kwa Wabon, si kwa Wabudha. Tunazunguka kwa kushoto tangu enzi za mababu. Aliyegeuka ni wewe."

Tsewang aliniambia kwao ni Wabon. Nilisahau kwa mazoea tu!

Kisha akauliza, "Si wewe ndiye Dolkar, mchumba wa mwanangu?"

Sasa niko jikoni kwake, ananijazia chai ya siagi. Anasema kesho asubuhi twende mnarani, mimi na yeye tu.

Lhakyi, nizunguke upande gani?