Gredi ya Shilingi ya Mzee Gitau

Jumamosi, Kapsoya. Mvua imenyesha tangu mchana, ile ya Eldoret isiyo na haraka, na vidole vyangu ni baridi. Nataka kusema ni hali ya hewa. Lakini vimekuwa hivi tangu nitoke kwa Mzee Gitau.

Wacha niandike kabla sijaanza kujidanganya kuhusu yaliyotokea.

Mzee Gitau hutengeneza saa mjini na anaishi Kimumu. Nilipokuja huku kutoka Bungoma kufanya kazi ya ukarani, sikuwa na mtu. Siku moja nilimpelekea saa yangu, nikaona chini ya kioo cha meza yake shilingi za wakati wa mkoloni, kichwa cha mfalme upande mmoja, simba upande wa pili. Nikamuuliza. Alinieleza mpaka nikaisahau saa. Tangu hapo yeye na mkewe, Mama Wangari, wamenichukua kama mtoto wao. Krismasi mimi hula kwao.

Sisi tunaokusanya sarafu hapa tumekuwa tukigombana, kwa sababu kila mwenye sarafu husema yake ni kama mpya. Mzee alituambia hata Marekani walianza hivyo. Muuzaji alisema lake, mnunuzi lake, hadi watu wakachoka wakaanza kumpa mtu wa tatu sarafu aitazame. Mwanzoni alitoa cheti na picha. Lakini cheti kinaweza kutenganishwa na sarafu yake, kikauzwa na nyingine mbovu. Ndipo wakaanza kuifungia sarafu ndani ya plastiki ngumu pamoja na gredi yake, yaani alama ya ubora, moja hadi sabini, ili visiachane tena.

Tukaamua kujaribu. Leo ilikuwa mara ya kwanza, sebuleni kwa Mzee. Wapimaji tulikuwa mimi na Kiprop, ambaye ana duka la dawa za mifugo Kesses na jicho kali kuliko langu. Mama Wangari ndiye aliyetia sarafu kwenye bahasha, za mumewe zikiwemo, bila majina, ili hata Mzee asijue ipi ni ya nani. Kila mpimaji anatazama, anaandika, hamwonyeshi mwenzake. Tukitofautiana, Mzee anaamua.

Nilifungua bahasha ya kwanza na nikaijua sarafu kabla sijaigeuza. Ina kidonda kidogo ukingoni, karibu na mkia wa simba. Ni shilingi ambayo Mzee aliachiwa na baba yake.

Nimeishika mara nyingi. Lakini ile ninayoijua ilikuwa ya kijivu, na weusi kwenye manyoya ya simba. Hii ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya. Nikaweka lenzi. Mikwaruzo myembamba, mingi, yote imeelekea upande mmoja.

Ilikuwa imesuguliwa.

Sarafu iliyosuguliwa haipati gredi. Hiyo sheria tulikubaliana wote, na Mzee ndiye aliyeisisitiza kuliko mtu yeyote. Ukiisugua unaitoa ngozi, na ngozi ya sarafu haioti tena.

Alikuwa ameketi mbele yangu, mikono juu ya meza, ananitazama usoni. Tangu atoke hospitali amekonda na hajafungua kisanduku chake cha sarafu. Nikaelewa kwamba hajui.

Niliandika gredi nzuri. Kalamu iliandika yenyewe, karibu niseme. Kisha nikaikata. Nikaandika: Imesuguliwa, haina gredi.

Karatasi ya Kiprop ilikuwa na hamsini na nane. Hakunitazama.

Basi uamuzi ukawa wa Mzee. Akaichukua shilingi, akavaa lenzi yake ya saa, akaigeuza chini ya taa. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati na nilishukuru kwa ile kelele. Aliitazama muda mrefu mno.

"Hii ni yangu," akasema.

Akamuuliza Kiprop kama hakuona mikwaruzo. Kiprop akajibu kwamba aliiona.

"Sasa mbona ukaandika hivi?"

"Kwa sababu ni yako, Mzee."

Mama Wangari alikuwa ameingia na thamosi ya chai. Alisimama pale pale mlangoni.

"Ni mimi, Baba Wangari," akasema. "Ulipokuwa umelazwa nilikuwa nasafisha vitu vyako vyote. Sikuwa na kingine cha kufanya. Nilitaka ukirudi uipate ikiwa nzuri."

Mzee nimewahi kumwona akimfukuza mteja aliyefungua saa kwa kisu cha jikoni. Nikangoja. Akamuuliza tu aliisugua na nini. Majivu na ndimu, akasema Mama, kama sufuria.

Mzee akavua lenzi, akajipangusa jicho. Akailaza shilingi ndani ya plastiki na kunisukumia kibandiko.

"Andika vile uliandika, Nekesa."

Niliandika. Akabandika, akaifunga, akaibana kwa vidole gumba vyote viwili mpaka ikalia. Kisha akainuka, akaichukua thamosi mikononi mwa mkewe, akammiminia yeye kikombe cha kwanza.

Mama hakukinywa. Alikuwa anasoma kibandiko.

"Na hiyo itakaa hapo siku zote?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

Akarudi jikoni. Tulipima zile zingine, na Kiprop hakumpendelea mtu tena. Nilipoaga, Mzee alinishika mkono na kusema nimefanya kazi. Mama Wangari hakutoka. Yeye hunisindikiza hadi geti kila mara, hata kukinyesha.

Nimekaa nikifikiria kama ningeweza kumwita Mzee kando kwanza, nimwambie mimi, kabla ya karatasi. Labda. Lakini basi ningekuwa nimempa mwenye sarafu nafasi ya kuiondoa, na sisi tulikaa pale ili jambo hilo lisifanyike.

Sijutii nilichoandika. Najutia sura ya Mama Wangari.

Kesho tuko kanisa moja. Nitafika mapema nimngoje mlangoni, nimwambie kwamba alichofanya wiki zile, akisugua vitu vya mume wake bila kujua kama atarudi, hakuna kibandiko cha kukipima. Akinipita, nitaingia nikae benchi lake hivyo hivyo.