Kadi Niliyoisogeza Mara Nne

Mpendwa Mama Raili wa safu ya ushauri, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana kosa ni langu na nalijua. Nasimamia ujenzi wa kiwanda kipya cha kampuni yetu ya majiko ya chuma ya hapa Kauhava, Finland, kiwanda chenyewe kinajengwa Vietnam, na bodi ilinipa kazi hiyo kwa sababu nilisomea ile njia ya kusimamia mradi kwa kunyumbulika, yaani kazi inakatwa vipande vya wiki mbili mbili, kila kipande kina kadi yake ukutani yenye jina la mhusika, na jambo lisilo la haraka unalisogeza mbele bila ugomvi. Nikafuta na kahawa ya saa tatu, Mama, nikaweka kikao cha kusimama, kila mtu dakika moja, na wote wakawa wanasema hakuna tatizo, nami nikajisifu.

Mzee Tauno ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia karakana sijui hata kushika nyundo, na ni mtu wa maneno machache, mpaka afike kikombe cha pili cha kahawa ndipo aseme la moyoni. Alirudi kutoka kukagua ujenzi Vietnam akaandika kadi moja tu: "Sakafu ya tanuri. Udongo laini." Aliponiomba tuketi nikamwonyesha saa, kadi yake nikaisogeza wiki mbili, kisha mbili tena, mara nne, na sasa sakafu imepasuka, tanuri limeinama upande, ufunguzi umeahirishwa mwaka mzima. Bodi ikauliza sakafu ilikuwa ya nani, wakaona kadi ina jina lake, nami nilikuwa nimekaa palepale nikanyamaza, naye akanitazama tu, akasema, "Basi, iwe yangu." Wamemstaafisha bila hata keki ya kumuaga, baada ya miaka thelathini na minane. Nimempigia mara kumi hapokei, na nikisema ukweli cheo changu kimekwenda. Nifanye nini?

Mwenye Kujuta, Kauhava

Mwanangu,

Pole, na hiyo ndiyo pole ya mwisho kwa leo. Usiisingizie njia yako ya kunyumbulika, haikukuziba masikio. Watu wetu hawafunguki wakiwa wamesimama wanahesabiwa dakika, hilo ulilijua tangu jikoni kwa mama yako, ukalisahau cheo kilipokuwa kitamu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila wewe umelivunja la mkuu mwenyewe.

Na simu hizo kumi ni za nini? Unataka akuambie yamekwisha ili upate raha. Mzee huyo hakudai machozi, anakudai jina lake.

Acha simu. Leo hii mwandikie mwenyekiti wa bodi: kadi iliandikwa lini, nani aliisogeza, nani alinyamaza. Weka jina lako kamili, si hili la Mwenye Kujuta. Nakala itie kwenye sanduku la barua la Mzee Tauno, usipige hodi, ondoka. Wakikufukuza, utakuwa umefukuzwa kwa kosa lako, na hilo ni afadhali kuliko kukalia kiti kwa aibu ya mwenzio. Na asipokuita kamwe, mwanangu, usimlaumu. Ataweza kupita tena mbele ya lango la karakana yenu bila kuinamisha kichwa, na hicho ndicho ulichomnyang'anya.