Momentous, Mara Tatu

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Nimechaguliwa mimi! Ijumaa nasoma risala mbele ya mgeni rasmi, mama wa kizungu kutoka kwa wafadhili waliotuchimbia kisima. Audace, mvulana wa darasa letu, kanuna, alijua ni yeye. Mwalimu Celestin wa Kiingereza kanifundisha neno — momentous. Sijawahi kulisikia. Ni tukio zito kabisa, ambalo baada yake mambo hayarudi yalivyokuwa. Limo kwenye risala mara tatu. Nimelisema njia nzima mpaka nyumbani. Mayu, mama yangu, kaniuliza nimeanza kusali kwa lugha gani.

Nikapanga matukio ya kwetu. Baba kuhama na ng'ombe kutoka Meatu mpaka huku — momentous. Mimi kufaulu la saba — momentous, mayu alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Kaka kununua simu — hapana!

Jumanne, 23 Septemba

Leo nimeisoma risala yote. Hasira! Eti kisima kinatoa maji kila siku, na sisi wasichana hatuendi tena korongoni. Kila siku ipi? Pampu ya sola ilifanya kazi siku tisa mwezi wa saba, ikaungua. Fundi alisema inatakiwa mpya. Tangu hapo tunafukua mchanga korongoni kama zamani.

Nimemwambia Mwalimu Celestin. Akasema we soma tu, mambo ya pampu ni ya Mkuu wa shule. Nikamuuliza, sasa mgeni akirudi kwao anajua kisima ni kizima, nani ataleta pampu nyingine? Akasema nirekebishe matamshi.

Jumatano, 24 Septemba

Hakuna kipindi hata kimoja. Mkuu katangaza paredini: wavulana wapake mawe chokaa, wasichana wajaze tenki. Tenki la lita elfu mbili! Ili mgeni akifungua koki, maji yatoke. Tunabeba kwa kichwa kutoka korongoni, na Audace na wenzake wako kivulini na brashi, wanaimba.

Mkuu kasema: "Nyie si mnataka bweni? Wakiona maji wanajenga bweni. Wakiona pampu mbovu wanatukimbia."

Bweni nalitaka. Natembea kilomita saba kuja, saba kurudi. Ndiyo maana nina hasira zaidi — kanishika pabaya.

Joséline, rafiki yangu, yuko juu ya ngazi anamimina kwa sababu ni mrefu. Nimebeba ndoo sita. Shingo haigeuki.

Alhamisi, 25 Septemba

Joséline kaanguka.

Ngazi ililowa, ikateleza. Mimi ndiye niliyekuwa nampandishia ndoo. Mkono umevunjika, niliusikia. "Yoo, mana yanje!" — Mungu wangu, kwa Kirundi cha kwao — mara moja tu. Wakampakia bodaboda, mwalimu wa zamu nyuma yake, zahanati. Mkuu akatukusanya. Akasema kaanguka kwao nyumbani, sawa? Wenzangu wakaitikia. Mimi nilikuwa naiangalia ngazi. Akaniuliza, we Minza vipi?

Nikasema sawa. NIMESEMA SAWA! Najichukia.

Hakuna aliyekubali tena kupanda ngazi. Mkuu akachungulia, akasema nusu itatosha, mgeni hakai sana.

Nimemuuliza Mwalimu Celestin kama mkono wa Joséline ni momentous. Akasema hiyo ni ajali. Akavua miwani akaifuta muda mrefu, na haikuwa chafu.

Nimepita kwa kina Joséline. Mkono umefungwa vibao, uso umevimba. Nilimwomba msamaha kwa ile sawa yangu. Akasema: "Kasome, Minza. Ila pale pa hatuendi korongoni, usipasome."

Ijumaa, 26 Septemba

Naandika hapa hapa chini ya turubai. Risala iko ndani ya daftari, wanadhani napitia.

Mgeni kaja. Ningependa awe mbaya, lakini ni mpole, kavaa kitenge tulichompa, anasalimia hadi watoto wadogo. Kwaya imeimba. Kisha akafungua koki. Maji! Vigelegele! Mkuu kacheka mpaka meno ya nyuma. Mgeni akafurahi, akafungua zote nne.

Na hajazifunga. Amenawa. Amenawisha watoto mmoja mmoja. Sasa anapigwa picha, na maji yanamwagika tu chini. Nani amwambie mgeni rasmi afunge koki? Mkuu kasogea karibu, mkono unanyooka, unarudi. Jasho linamtiririka. Sisi wasichana hatupigi makofi tena. Tunaangalia matope. Ndoo zangu sita ziko pale. Na zile alizomimina Joséline.

Ile sentensi nimeikata kwa kalamu. Juu yake nimeandika kwa Kiingereza: tenki tumelijaza kwa vichwa vyetu, pampu ni mbovu, rafiki yangu kavunjika mkono. Nimeisoma kimoyomoyo mara nne. Kuisema ndiyo sijui. Namwogopa Mkuu. Bweni bado nalitaka!

Audace ndiye MC. Kashika maiki, anasema sasa ni risala.

Koki ya mwisho imeanza kukatakata. Mgeni kainama anaichungulia. Anaifungua zaidi — tone. Anamgeukia Mkuu, anauliza kitu. Mkuu ananiangalia mimi.

Audace ametaja jina langu. Mara ya pili hii. Nimesimama, kidole kiko kwenye ile sentensi ya juu.