Veronika na ngazi ya kitenzi

Ihanda, Jumamosi alfajiri, Julai 1953

Kosa la wengi ni kukariri kitenzi kama litania, kisha kudhani wameshajua kusema. Mjukuu wangu Veronika ni bingwa wa kosa hilo. Kesho mama mkuu wa masista wa Kihispania anakuja misheni kuchagua msichana mmoja wa kwenda kwao kusomea uuguzi, na Kihispania chote alichonacho Veronika ni hiki ninachomfundisha mimi, nilichopewa na padre seminarini.

Jana wakati wa chakula nilimwambia aseme, “wao wanafanya kazi.” Akaanza chini kabisa: trabajo, trabajas, trabaja… Hawezi kuwafikia “wao” bila kupitia kwa mimi, wewe na yeye. Alipofika trabajan, ugali ulikuwa umepoa.

“Mama mkuu atakuwa ameshapanda lori,” nikamwambia.

Akanuna. Baadaye alikuwa akitwanga mahindi, nami nimekaa kitini namsahihisha matamshi. Ghafla akasema, bila kupanda ngazi yoyote: “Quiero que el abuelo trabaje.”

“Amesemaje?” mke wangu akauliza.

“Anataka babu afanye kazi.”

“Basi amefaulu,” akasema, akanikabidhi mchi.

Na hiyo trabaje, si trabaja, ndiyo ile namna ya kitenzi ya kutaka jambo, iliyonitesa mimi mwaka mzima seminarini! Sasa sihofii tena kwamba atashindwa. Nahofia nyumba hii bila yeye…

Leo asiguse jedwali la vitenzi. Anitume kazi kwa Kihispania mpaka jioni, nami nitii.